Sikio la Mtu Mzima Halipanuki Lenyewe

Kwenye kumbi za harusi za Dar es Salaam, DJ ndiye anayejua umri wa kila mgeni. Akiweka wimbo wa Zuchu, wanainuka wasichana wa miaka ishirini na kitu. Akiweka singeli, vijana wanavua makoti na wajomba wanarudi kwenye viti wakilalamika kwamba spika zinapiga kelele. Akiweka "Kitambaa Cheupe" ya King Kikii, ukumbi mzima unasimama, na hata binti ambaye hakuwa amezaliwa wimbo huo ulipoanza kuvuma anapunga leso kama aliyefundishwa unyagoni.

Kundi ninalolitazama zaidi ni la katikati, la watu wenye miaka arobaini na ushei. Hawa ndio waliokuwa wanafunzi wa sekondari wakati Hard Blasters walipotoa "Chemsha Bongo", wakati Juma Nature alipokuwa mfalme wa Temeke na Lady Jaydee alipokuwa anaanza kung'ara. Wakati ule ukiwawekea Marijani Rajab walikuwa wanakimbia sebule na kukuachia redio yako. Leo ndio wanaomfuata DJ na kumnong'oneza awapigie "Zuwena" ya Marijani huyohuyo. Wengine wana taarab kwenye gari na kwaya kwenye simu, na Jumamosi wanalipa kiingilio kwenda kusikiliza bendi iliyoanzishwa kabla hawajazaliwa.

Wenyewe ukiwauliza wanajibu kwa kifupi kwamba ni utu uzima. Jibu hilo wengi tunalikubali bila kulihoji, kana kwamba mtu akifikisha miaka fulani sikio hufunguka lenyewe, jinsi mvi zinavyoota zenyewe. Mimi silikubali. Nimewaona watu wa miaka sitini ambao masikio yao ni membamba kuliko walivyokuwa na miaka ishirini. Umri unatupa nafasi tu ya kupanuka. Kazi yenyewe hufanywa na mambo matatu: kuacha kambi, kuonja maisha yanayoimbwa, na kulazimika kuishi na watu wasiopenda tunachokipenda. Anayeyakwepa hayo matatu atazeeka na kanda zake zilezile.

Watafiti wenyewe hawaungi mkono ile hadithi ya utu uzima. Mwaka 1989 Wamarekani wawili, Morris Holbrook na Robert Schindler, walichapisha utafiti uliowasikilizisha watu wa umri mbalimbali vipande vya nyimbo zilizovuma katika miongo tofauti. Waligundua kwamba watu walielekea kupenda zaidi nyimbo zilizovuma wao wakiwa na umri wa kama miaka 24. Kabla ya umri huo mapenzi yanapanda, baada yake yanashuka. Mwaka 2013 ukaja utafiti mwingine, wa Arielle Bonneville-Roussy na wenzake, uliohusisha zaidi ya watu 250,000. Ulionyesha kwamba muziki mkali wa ujana hupoteza mashabiki kadiri miaka inavyokwenda, kwamba muziki mwingine hupata nafasi, na kwamba kwa ujumla watu wazima huupa muziki uzito mdogo kuliko vijana.

Kwa hiyo kama tungeachwa na umri peke yake, tungeganda kwenye nyimbo za miaka yetu 24 na kuzisikiliza kidogokidogo mpaka tunazikwa. Wengi wetu hatugandi, na sababu zake ziko kwenye maisha ya watu, hasa maisha ya Uswahilini ambako muziki haukuwahi kuwa wa mtu mmoja chumbani.

Nianze na kambi. Kijana hachagui wimbo tu, anachagua upande. Mwambao wetu una historia ndefu ya jambo hili. Mwanzoni mwa karne iliyopita, miji ya pwani kutoka Lamu na Mombasa mpaka Tanga na Dar es Salaam iligawanyika kwa ngoma za beni, kama Marini na Arinoti, na mtu wa Arinoti hakukanyaga penye Marini kwa heri. Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah upande mmoja na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe upande mwingine. Baadaye Dar es Salaam ikawa na bendi za Msondo na Sikinde, na mashabiki wakabishana kama watu wa Simba na Yanga. Kizazi cha bongo fleva nacho kikapata kambi zake: TMK ya Temeke na East Coast ya Upanga. Mtoto wa Temeke aliyekutwa anaimba wimbo wa East Coast alikuwa na maelezo ya kutoa kijiweni.

Kambi hizi zina raha yake na sizibezi. Kijana anajitafuta, na wimbo humwambia wenzake yeye ni nani kabla hajafungua mdomo. Gharama yake ni kwamba unalazimika kuuchukia muziki ambao hujausikiliza. Wanamuziki wenyewe hawakuzifuata kuta hizo. Muhidin Gurumo aliimba NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964 na ambayo leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioijenga Mlimani Park, yaani Sikinde. Akaenda Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Hassan Bitchuka naye sauti yake imesikika pande zote mbili. Mashabiki walikuwa wanagombana huku waimbaji wakivuka barabara.

Siku mtu anapopata kazi, mke au mume, watoto na deni la ujenzi, hana tena haja ya wimbo umtambulishe. Ana vitu vingine vya kumtambulisha. Hapo ndipo anapoweza kukaa akasikiliza bendi ya wapinzani na kukiri kwamba gitaa lao lilikuwa tamu siku zote. Watu wanadhani ladha yake imebadilika. Kilichobadilika ni kwamba hana tena mtu wa kumwonyesha msimamo.

Jambo la pili ni maneno, na hapa ndipo muziki wetu unapotofautiana sana na mwingine. Chukua wimbo wa dansi wa miaka ya sabini au themanini. Unaanza polepole: mwimbaji anasimulia kisa, anaulizwa, anajibiwa na wenzake, kisa kinasogea mpaka kinapata jina la mtu, nyumba na aibu yake. Halafu mpigo unabadilika, magitaa yanaanza kukimbizana, ala za kupuliza zinaingia, na hapo ndipo kwenye chemko. Kijana anasubiri chemko. Ile sehemu ya kwanza kwake ni foleni tu ya kufikia uhondo. Mtu mzima anafanya kinyume: anaketi na sehemu ya kwanza, na chemko ikianza anaweza hata kwenda kuagiza soda.

Sababu si kwamba magoti yamechoka, ingawa yamechoka. Sababu ni kwamba kile kisa sasa anakijua. "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe mtoto wa miaka kumi na sita anaweza kuiimba yote kwa ghibu na isimguse, kwa sababu shida zake zote baba yake ndiye anayezibeba. Mwache apange chumba, akope kwa rafiki, na rafiki aanze kupita upande wa pili wa barabara. Halafu mpigie tena wimbo uleule. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya, akiwa hajafikisha miaka arobaini, lakini wapo watu wanaomsikia kwa mara ya kwanza leo, baada ya kumwimba tangu utotoni.

Taarab inadai zaidi ya hapo. Sanaa yake ni fumbo, na fumbo humfungukia mwenye kisa. Kijana wa kiume anausikia wimbo wa mipasho na kuuona ugomvi wa wanawake. Mwanamke aliyekwisha kukaa na mawifi nyumba moja anausikia na kujua umeimbwa kwa ajili ya nani, na ndiyo maana anainuka na noti mkononi, anatembea taratibu kwenda kumtunza mwimbaji, akihakikisha mlengwa amemwona. Pale ukumbini msikilizaji ni sehemu ya onyesho, na ili ushiriki lazima uwe na jambo moyoni. Wanaume wengi huifikia taarab wakiwa wamekwisha kuumizwa, kusengenywa au kudhulumiwa, na wakifika wanashangaa kukuta Siti binti Saad ametangulia. Mwanamke huyo wa Fumba, Unguja, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, wakati wanawake wa Afrika Mashariki hawakuwa na sauti kwenye santuri, na maisha yake yakampa Shaaban Robert kitabu kizima cha wasifu. Nyimbo zake zilisema habari za mahakama, wizi na dhuluma za mjini, mambo ambayo mtu huanza kuyajali akiwa na cha kuibiwa.

Jambo la tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, nalo ni watu. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kitu tunachokutana nacho mara kwa mara huelekea kutupendeza zaidi, hata kama hatukukichagua. Hakuhitaji kuja Mbagala kulithibitisha, lakini angekuja angepata ushahidi wa kutosha ndani ya daladala moja. Konda hakuulizi unapenda nini. Jirani hakuulizi. Na kadiri unavyokua ndivyo unavyozidi kuwa na majirani, wakwe, wafanyakazi wenzako na misiba ya kuhudhuria.

Ukioa, unaoa na redio ya mwenzako. Aliyekulia kwenye reggae anajikuta asubuhi ya Jumapili anadeki akiwa na kwaya, na baada ya miaka michache anaijua sauti ya nne bila kufundishwa. Ukiwa kijana unaweza kuukwepa msiba. Ukiwa mtu mzima unakaa kwenye turubai siku tatu, na ukitoka hapo unakuwa umeijua "Kwetu Pazuri" ya Ambassadors of Christ, kwaya ya Kigali iliyoimba kwa Kiswahili na kupenya kila mtaa kuanzia Mwanza hadi Mombasa. Nawajua Waislamu wanaouimba wimbo huo bila kukosea, kwa sababu wamezika majirani Wakristo. Nawajua Wakristo ambao mpigo wa dufu na kaswida ukianza miguu yao inaitika, kwa sababu wamekula maulidi ya jirani tangu wapo darasa la pili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa akaamua kupanua ladha. Walipanuliwa na ujirani.

Kenya jambo ni hilohilo kwa sura nyingine. Waliokuwa vijana Nairobi wakati wa genge na kapuka, wakati Nonini na Jua Cali walipokuwa wanatawala matatu, leo wanajaza kumbi za rhumba wakiimba Kilingala wasichokielewa, na nyimbo za Les Wanyika wanazielewa neno kwa neno. Wengi walizisikia kwanza kwa baba zao, wakazichukia, na sasa wamezirithi pamoja na mashamba. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Nairobi ilikuwa imeshaamua hilo zamani, kwa kiingilio.

Wanamuziki nao hupanuka, na waliodumu ndio waliopanuka zaidi. Bi Kidude alianzia kwenye nyimbo za Siti, akawa mwalimu wa unyago na mpiga ngoma ya msondo, akatunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na akiwa bibi kizee akaingia studio na Offside Trick, vijana wa Zanzibar wenye umri wa vitukuu vyake, wakatoa "Ahmada". Mpaka anafariki Aprili 2013 hakuwa amemaliza kujifunza kuimba na watu wapya. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyeifanya Sinza kuwa nyumbani, aliimba siasa, umaskini na ukimwi, na uzeeni akageukia muziki wa injili. Kila mmoja alikwenda upande wake, na hakuna aliyebaki pale alipokuwa na miaka 24.

Sasa niwageukie wale ambao sikio lao limefungwa, maana hapa ndipo penye ugomvi wangu. Upanuzi ninaousifu hadi sasa una kasoro: karibu wote ni wa kurudi nyuma. Tunakua, tunaivumbua dansi ya babu zetu, tunajiona tumekomaa, kisha tunaitumia dansi hiyo kuwapigia watoto wetu. Tunasema muziki wa siku hizi hauna ujumbe, ni kelele na matusi. Maneno hayo tumeyarithi. Mwaka 1969 wakubwa wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, wakiuona unawaharibu vijana na kuwatoa kwenye utamaduni wao. Vijana wale waliokuwa wanaharibika kwa soul leo ni wazee wa miaka sabini na kitu, na baadhi yao ndio wanaotuambia bongo fleva ilikuwa uhuni. Bongo fleva hiyo ya wahuni ilimpeleka Sugu bungeni mwaka 2010 na Profesa Jay mwaka 2015, kwa kura za watu wazima. Na kizazi cha Nonini, ambaye mashairi yake yaliwakera wazazi wa Nairobi, ndicho kilichoshika kichwa kwa aibu vijana wa gengetone walipotokea.

Zamu ya sasa ni ya singeli. Mpigo wake unaweza kupita 200 kwa dakika, maneno yanatoka kama mvua ya mawe, na asili yake ni Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, kwenye sherehe za vigodoro zinazofungwa barabarani. Mzee akiusikia anauliza huu nao ni muziki gani. Jibu ni kwamba ni wa kwake. Singeli ilipoanza, vijana walichukua vipande vya ala za taarab, wakavikimbiza, na MC akachana juu yake. Mchiriku nao, wenye vinanda vidogo vya Casio na spika zilizochoka, upo kwenye damu yake. Anayeipenda taarab na kuichukia singeli anamkana mjukuu wake kwa sababu anakimbia. Siku hizi muziki huo unasambazwa na lebo ya Nyege Nyege ya Kampala na unapigwa kwenye matamasha ya Ulaya, wakati kwenye kamati nyingi za harusi hapa nyumbani bado unaruhusiwa kwa dakika kumi tu, kama adhabu kwa wazee.

Mfano wa njia nyingine tunao. Mwaka 2020 Zuchu alipotoa nyimbo zake za kwanza chini ya lebo ya Diamond, aliimba mmoja, "Mauzauza", na mama yake mzazi, Khadija Kopa, malkia wa taarab. Mama hakumwambia binti aache upuuzi arudi kwenye taarab. Binti hakumwona mama kuwa amepitwa na wakati. Walikutana katikati, na wimbo ukapata wasikilizaji ambao kila mmoja peke yake asingewapata.

Nina hofu moja, na inahusu vifaa. Mpaka Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, Tanzania Bara ilikuwa na Redio Tanzania tu. Tuliilalamikia kwa haki, maana iliamua nani asikike na nani asisikike. Lakini redio moja sebuleni ilikuwa na faida ambayo haikukusudiwa: bibi alisubiri taarab yake huku akisikia dansi ya kaka, na kaka alisubiri dansi yake huku akisikia kwaya ya mama. Kila mmoja alikula chakula cha mwenzake. Leo kila mtoto ana visikilizio vyake, na simu imepangwa imletee kinachofanana na alichokisikia jana. Nyumba yenye watu sita inaweza kuwa na redio sita zisizosikilizana. Mtoto huyo atafika miaka hamsini, lakini nani atakuwa amempigia asichokichagua? Baba naye, kwenye simu hiyohiyo, analetewa Sikinde kila siku mpaka anaamini muziki uliisha mwaka 1985.

Dawa haihitaji bajeti ya serikali. Wenye vituo vya redio, acheni kuifungia zilipendwa kwenye Jumapili asubuhi kama dawa ya wagonjwa. Pigeni Marijani katikati ya Marioo na muone nani atazima. Kamati za harusi, mpeni DJ uhuru wa kuchanganya mapema, kabla wazee hawajasinzia na vijana hawajalewa. Walimu wa Kiswahili mnaohangaika kufundisha mafumbo, wekeni taarab darasani. Wazazi, zimeni visikilizio ndani ya gari na mgawane safari: kutoka Kimara hadi Kibaha ni zamu ya mtoto, kutoka Kibaha hadi Chalinze ni zamu yako, na hakuna kuguna kwenye zamu ya mwingine.

Na wewe uliyepita miaka arobaini, unayejivunia kwamba sasa unaielewa "Shida", jipime kwa swali jingine. Utaje wimbo mmoja wa mwaka huu ulioimbwa na mtu anayeweza kuwa mwanao, uliousikiliza wote kabla ya kuuhukumu. Kama huna, hujapanuka. Umehama kambi tu.